Sakafu ya Bahari Iliyokuwa Inapanda

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Wengi mmeniuliza niliingiaje kwenye kazi hii ya ikolojia ya bahari, na swali la kwanza huwa ni kama najua kuogelea. Najua, lakini kazi nilipewa kwa sababu ya takwimu. Baada ya shahada ya biolojia nilisoma uzamili, na miezi mingi nilikaa mbele ya kompyuta nikijifunza kuchambua data. Kwa hiyo mwanao akikwambia anapenda samaki, mhimize na hesabu.

Safari ya kwanza niliiomba mwenyewe. Mtafiti mmoja alihitaji msaidizi melini, nikamwandikia. Nikapimwa afya, nikafundishwa kujiokoa majini, nikapanda.

Siku 2 za mwanzo bahari ilinilevya vibaya, sikula kitu. Siku ya tatu nikaingia zamu ya usiku, saa 12 mfululizo. Tulikuwa tunashusha kwa winchi fremu kubwa ya chuma iliyozungushiwa chupa za kuchotea maji, na ndani yake vipimo vya joto, chumvi na kina. Mita 1,000 chini, shinikizo ni karibu mara 100 ya hili la juu. Fremu inapopanda, unazifunga chupa moja moja kwa kompyuta, kila moja kwenye kina chake. Ukichelewa kubonyeza, maji ya kina hicho umeyakosa.

Sasa sikilizeni hili. Jua lilipokuwa linazama, niliona kwenye skrini ya sona, kifaa kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, mstari mnene kama sakafu ya bahari, na ulikuwa unapanda! Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waendesha sona walipouona, kuna waliodhani ni sakafu kweli. Kumbe ni viumbe hai: samaki wadogo, ngisi, jamii za kamba. Mchana hukaa gizani, mamia ya mita chini, wasionwe na wanaowala. Usiku hupanda kutafuta chakula. Wakirudi chini huenda na kaboni waliyoila juu, na sehemu yake hubaki kilindini. Hutokea kila siku, katika bahari zote, na kwa wingi wa viumbe hakuna uhamaji wa wanyama unaoufikia.

Tukashusha wavu. Ulipopandishwa, kila nilipogusa ndoo maji yaling'aa buluu kwa mwanga wa viumbe wenyewe. Nilisimama pale sitahani, glavu zimelowa, machozi yakanitoka.

Alfajiri mstari ukashuka tena. Mimi nilikuwa bado nabandika lebo kwenye mitungi ya sampuli.