Deli la Barafu Darasani: Mhadhara kwa Walimu wa Sayansi, Chake Chake

Assalaam alaykum walimu wenzangu.

Ombi langu leo ni moja: somo la usafiri wa joto lisianzie ubaoni. Lianze kwa kazi ya mikono. Kila kundi lipewe nusu kilo ya barafu na liambiwe litengeneze deli, yaani chombo cha kuilinda isiyeyuke upesi, kwa vitu vinavyopatikana hapa hapa Pemba: usumba, sufi, makaratasi, majani makavu ya mgomba, unga wa mbao kutoka kwa seremala. Mpitisho (joto kupita ndani ya kitu), msafara (joto kubebwa na hewa au maji yanayozunguka) na mnururisho (joto kusafiri kama miale) ni majina. Yaje baadaye, yawakute wanafunzi wana shida inayoyahitaji.

Kabla hawajagusa kitu, waulizeni hivi: vipande viwili vya barafu vilivyo sawasawa, kimoja kiachwe wazi sahanini, chengine kifunikwe blanketi zito. Kipi kitayeyuka mwanzo? Wengi watajibu cha blanketi, kwani blanketi linatia joto. Msiwasahihishe. Fanyeni jaribio mbele ya macho yao. Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kulizuia joto lisipite, na halichagui upande: usiku huzuia joto la mwili lisitoke, na juu ya barafu huzuia joto la chumba lisiingie. Mtoto akiliona hilo mwenyewe, sehemu ngumu kuliko zote ameshaivuka. Naamini hakuna maelezo ya mdomo yanayomfikisha hapo.

Usumba na sufi husaidia kwa sababu ya hewa iliyonaswa baina ya nyuzi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kidogo sana. Maji hupitisha zaidi ya mara 20 ya hapo. Basi kundi moja litumie usumba mkavu na jengine uliolowa, walinganishe. Ukishindiliwa mno, hewa hutoka na nyuzi hugusana. Ukiachwa wazi mno, hewa huzunguka na kubeba joto, na huo ndio msafara. Kipimo cha katikati wakitafute wenyewe.

Unga wa mbao msiudharau. Mwaka 1833 meli ya matanga iitwayo Tuscany ilitoka Boston, Marekani, na barafu ya mfanyabiashara Frederic Tudor, tani zipatazo 180, kwenda Kalkuta, India. Safari ya miezi minne, ikweta ikavukwa mara mbili, na bado zilifika tani zipatazo 100. Wafanyabiashara wa barafu wa enzi hizo waliutegemea sana unga wa mbao.

Sasa kupima, na hapa nataka tutulie. Walimu wengi hutia kipimajoto ndani ya deli. Lakini barafu inapoyeyuka hubaki nyuzi 0 mpaka iishe, kwa hiyo deli bovu na deli zuri yanaweza kuonesha namba moja kwa muda mrefu. Joto linaingia, ila linatumika kuyeyusha, si kupandisha nyuzi. Mwanasayansi Joseph Black wa Scotland aliligundua jambo hili katika karne ya 18. Gramu moja ya barafu huhitaji takriban jouli 334 (jouli ni kizio cha kupimia joto) ili iyeyuke; joto hilo lingetosha kuyapandisha maji yale yale kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80.

Kwa hiyo pimeni maji. Baada ya saa moja, yamwagwe na yapimwe kwa mizani. Tuseme kundi limepata gramu 120: zidisha kwa 334, unapata kiasi cha jouli 40,000. Gawanya kwa sekunde 3,600, jawabu ni wati 11, yaani jouli 11 kila sekunde. Deli hilo linapitisha wati 11. Makundi sasa yanashindana kwa namba, si kwa maneno.

Angalizo: barafu iliyotoka frizani iko chini ya nyuzi 0. Iacheni nje mpaka uso wake uanze kulowa, kisha muipanguse na kuipima, la sivyo hesabu haitakuwa ya haki.

Karatasi ya alumini nayo ina mahali pake. Hurudisha mnururisho, lakini alumini yenyewe hupitisha joto vizuri sana, hivyo lazima pawe na nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Ikibanwa baina ya tabaka mbili, faida hiyo hupotea.

Mwisho, wapeni nafasi ya kutengeneza deli la pili, na alama nyingi zitolewe kwa hili la pili. Kila kundi liandike limebadilisha nini, kwa nini, na wati zimepungua ngapi. Wakibadilisha mambo matatu kwa pamoja, warudishieni kazi yao wabadilishe moja moja.