Meko Yasiyowaka: Pambo la Ukutani kwa Chumba Kidogo

Habari za asubuhi vijana wangu, na shikamooni wazee mliokuja kukaa nasi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wateja wameanza kuiulizia sana: meko ya ukutani ya mapambo, yaani mfano wa mahali pa kuotea moto penye fremu na rafu, tena ya chumba cha kulala. Mteja anakuja na picha kwenye simu. "Fundi, nataka kama haya." Ukiitazama ile picha, ni sebule pana ya watu wa ughaibuni. Chumba chake yeye ni futi kumi kwa kumi, na kitanda cha tano kwa sita kimeshakimeza.

Wapo mafundi wanaoibeza kazi hii, wanasema ni kuiga tu. Mimi siafiki. Sisi wa Njombe tumelelewa kando ya moto. Juni na Julai hakuna aliyekaa mbali na mafiga ya bibi. Mtu akitaka chumbani kwake pawe na mahali panapomkumbusha ule moto, ameomba jambo la maana, na anastahili kufanyiwa kazi ya maana.

Na hata kule yalikotoka, mengi hayawaki tena. London ya zamani, katika nyumba nyingi hata vyumba vya kulala vilikuwa na meko na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, watu wakichoma makaa ya mawe. Desemba 1952 ukungu wenye moshi uliufunika mji ule kwa siku tano na watu maelfu wakafa. Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. Taratibu watu wakahamia gesi na umeme, matundu yakazibwa, lakini fremu na rafu zake wengi wakaziacha palepale ukutani kwa sababu zinapendeza. Kwa hiyo tusione aibu kutengeneza meko yasiyowaka.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo kazi inapoharibikia. Chumba cha futi kumi ni sentimita 305. Kitanda na ubao wake wa kichwani kinachukua kama 193. Zinabaki 112. Meko yakila 20, rafu ikiwemo, mtu anabaki na 92 za kupita. Zaidi ya hapo utamfanya mwenye chumba apite ubavu kila siku. Kwa hiyo kina tulichonacho ndani ya mdomo wa meko, ukiondoa unene wa mbao za mbele na nyuma, ni sentimita 15 tu.

Meko yangu ya kwanza niliyafanya kwa kina hicho, nikasimamisha kuta za ndani wima, mraba kabisa, kama ndani ya kabati. Nilipopaka rangi na kusogea nyuma, moyo ulinishuka. Lilikuwa kabati lisilo na milango. Nilimwomba mteja anipe wiki moja, nikabomoa.

Aliyenifungua macho ni mtu wa karne ya 18, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani anayejulikana kama Count Rumford. Miaka ya 1790 aliyashughulikia meko ya London yaliyokuwa yakijaza moshi ndani na kupoteza joto. Akapunguza kina chake, akazigeuza mshazari zile kuta mbili za pembeni ndani ya mdomo, mimi naziita mashavu, ili joto lirudi chumbani. Yeye alitafuta joto. Mimi nilichokiona ni kwamba jicho la mtu limezoea kuona mashavu ya mshazari kwenye meko ya kweli. Ukiyaweka, sentimita 15 zinaonekana kama 40.

Chukueni kalamu. Mdomo upana sentimita 60, kimo 65. Mgongo wa ndani upana 30. Kila shavu linatoka kwenye ukingo wa mdomo kwenda mgongoni kwa nyuzi 45, kwa hiyo urefu wake wa mshazari ni sentimita 21 na kidogo. Plaiwudi ya milimita 9 inatosha. Pale shavu linapokutana na mgongo, kata kingo zote mbili kwa nyuzi 22 na nusu zifumbane vizuri. Ukiacha uwazi hapo, rangi nyeusi haitauficha.

Fremu ya nje ni ya papi, zile mbao nyembamba, inavikwa plaiwudi ya milimita 18. Rafu ikae kwenye sentimita 110 kutoka sakafuni. Paini ya Sao Hill, lile shamba la miti la Mufindi, inafaa, ila hakikisha imekauka, maana paini mbichi itajipinda kabla hata hujalipwa. Rafu ionekane nene, lakini ndani iwe tupu kama sanduku. Uzito juu ya kitu chembamba ni hatari.

Nisikilizeni kwa makini hapa. Kuna mteja atakuambia, "Fundi, ongeza kina, wakati wa baridi niweke jiko la mkaa." Kataa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Huku kwetu tumezika watu kwa sababu hiyo. Kina cha sentimita 15 hakipokei jiko la kawaida, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukipenda. Mimi huongeza na lingine: napanga vipande vya miti ya miwati iliyokauka, urefu wa sentimita 10, kuanzia chini hadi kimo cha 45, kila kimoja nimekipiga skrubu kutokea nyuma. Mdomo ukishajaa, hakuna atakayepata wazo la kuweka moto humo. Mshumaa nao hapana. Taa ndogo za LED za betri, za rangi ya manjano, zifichwe nyuma ya vile vipande.

Rangi ya ndani iwe nyeusi isiyong'aa, na mgongo uwe mweusi kuliko mashavu. Kabla haijakauka, pitisha kitambaa chenye kijivu kidogo kutoka chini kwenda juu, kama masizi yalivyopanda.

Mwisho ni kufunga. Chunguza nyaya kwanza, na usifunike soketi. Kama kuna sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, kata miguu ya fremu iikalie, ili mgongo ulale ukutani. Toboa sehemu nne, mbili juu na mbili chini, weka fisha, vile vishikizi vya plastiki vya tundu la ukutani, na skrubu ndefu. Kisha shika rafu kwa mikono miwili, uivute kuja kwako kwa nguvu zako zote, kama mtoto anayetaka kupanda. Ikicheza hata kidogo, hujamaliza.