Kuganda Kuna Mwendo Wake

Hamjambo. Mimi nimelelewa Nakuru, na nilipohamia hapa Kisumu kitu cha kwanza kunishangaza kilikuwa supu ya kwato. Kule ukiiacha mezani usiku, asubuhi unaikata kwa kisu. Hapa inaamka majimaji. Kwato ni zilezile; usiku ndio si mmoja: wa Nakuru una baridi, wa Kisumu una joto.

Kinachogandisha supu ni jelatini, yaani kolajeni ya ngozi na mifupa iliyofumuliwa na moto. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa kama kamba ya katani. Chemsha, zinasokotoka. Poza, zinatafutana tena, lakini kila uzi hushika ulio jirani, na maji yananasia katikati.

Sasa sikilizeni hapa. Ukiipoza ghafla, nyuzi hushikana kwa papara, vipande vifupi vifupi, na jeli hiyo huyeyuka mapema. Ukiipoza polepole zinapata nafasi ya kusokotana vizuri, nayo hustahimili joto zaidi. Jelatini kiasi kilekile, jeli mbili!

Shida ni kwamba mwili una digrii 37, na jelatini ya ng'ombe hulegea kabla ya hapo. Ndiyo iliyowakwaza kina Robert Koch, daktari Mjerumani mtafiti wa vijidudu, walipokuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini kwa joto kama la mwili. Aliyewaokoa ni Fanny Hesse, mke wa mtafiti mwenzao, mwaka 1881, kwa agari, kigandishi cha mwani alichokizoea jikoni. Agari huganda karibu na digrii 40 lakini haiyeyuki tena mpaka ifike kama 85. (Jiko ni maabara, msiwadharau mama zenu.)

Wanaotengeneza gegedu bandia (ile tishu laini ya kwenye viungo) wana ujanja mwingine. Wanachukua polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini, wanaigandisha kwenye digrii 20 chini ya sifuri, kisha wanaiyeyusha. Barafu inapokua husukumiza molekuli pembeni, zikabanana hadi zikajipanga kuwa fuwele ndogondogo zinazofunga jeli. Rudia, inakaza zaidi. Hakuna kemikali ya kugandishia iliyotiwa, kwa hiyo hakuna masalia ya sumu ya kuudhi mwili. Nami hapo ndipo ninapoipendea.

Ila mkiijaribu hapa, muwe na daftari na tochi. Stima ikipotea saa nane usiku, friza ikapata joto, kisha umeme ukarudi alfajiri, hiyo imehesabika duru moja ya kuganda na kuyeyuka. Mtaamka na jeli ngumu kuliko mliyoiandika.