Lango la Denver: Manahodha, Wenye Mashamba na Tope

Mabibi na mabwana, jioni hii tutasimama mahali pamoja tu: Denver, mashariki ya Uingereza, ambako Mto Great Ouse uliwekewa lango mwaka 1651. Lango hilo liligombanisha watu kwa zaidi ya karne, na kila upande ulikuwa na haki ya kulalamika.

Nchi yenyewe inaitwa Fens. Ni kinamasi tambarare, mito inapita polepole, inapinda, inafurika. Mwaka 1630 Earl wa Bedford, bwana mwenye ardhi nyingi huko, aliafikiana na makamishna wa mifereji wa eneo hilo aikaushe, kwa ahadi ya kupewa ekari 95,000. Fedha alichangiwa na wenzake 13, na mhandisi alikuwa Mholanzi, Cornelius Vermuyden.

Vermuyden aliona kasoro ni mwinamo. Tuseme mto unashuka mita 3 katika mwendo wa kilomita 50: huo ni sentimita 6 kwa kilomita. Ukiunyoosha uwe kilomita 34, mwinamo unakaribia sentimita 9, na maji yanakimbia. Ndipo ukachimbwa mfereji wa kwanza, Old Bedford, kutoka Earith hadi karibu na Denver: maili 21 kwa urefu, futi 70 kwa upana. Baadaye, mwaka 1651, ukachimbwa wa pili sambamba nao, upana futi 100. Kati ya mifereji hiyo miwili iliachwa ardhi ya takriban nusu maili, iwe mahali pa mafuriko kulala mpaka bahari ipwe. Mholanzi mwenzake, Westerdyke, alipinga: chimbueni mto mliopewa, jengeni matuta kandokando yake, mkondo wenyewe utausafisha. Hakusikilizwa.

Sasa lango. Lilikuwa na milango ya mbao iliyokutana kwa pembe, ncha ikielekea baharini. Maji yakijaa, bahari inaisukuma na kuibana. Yakipwa hata yakawa chini ya maji ya mto, mto unaifungua. Hakuna mtu wa kuisukuma, ni uzito wa maji tu. Kwa mwenye shamba juu ya Denver hii ni neema: bahari imezuiwa, mvua inatoka mara mbili kwa siku.

Nahodha aliyepeleka matishari ya makaa na nafaka kati ya King's Lynn, bandari iliyo karibu na mdomo wa mto, na Cambridge, mji ulio juu ya Denver, aliliona jambo jingine. Chota ndoo ya maji yanayopanda mtoni kutoka kwenye Wash, ghuba ambamo mto huu unaingia baharini, utaona rangi ya kahawia. Iache itulie, na chini ya ndoo utapata utando wa tope laini. Zamani maji hayo yalipita Denver, yakapanda mbali, kisha yakarudi pamoja na maji ya mto, yakikwangua sakafu. Baada ya lango kujengwa yalifika mlangoni yakasimama. Maji yakisimama hutua mzigo. Kiangazi ndicho kilichoharibu zaidi: mto ni dhaifu, milango haifunguki vya kutosha, na tope linarundikana mbele yake kila maji yajaapo, hasa wakati wa bamvua.

Hapo hata mwenye shamba anaanza kuumia. Sakafu ya mto chini ya lango ikipanda, maji ya kupwa hayashuki kama zamani, kwa hiyo milango inachelewa kufunguka na saa za kutoa maji zinapungua. Isitoshe, ule mfereji wa futi 100 haukuwa na lango, nao uliingia mtoni chini kidogo ya Denver. Ukijaa mafuriko, ulikuwa unabana milango kwa nje kama bahari, huku maji ya mto kutoka Ely, mji ulio juu ya lango, yakisubiri ndani. Kwa maoni yangu hii ndiyo kasoro kubwa ya mpango mzima.

Mwaka 1713 lango lilivunjika kwa nguvu ya maji. Manahodha walifurahi, mashamba yakafurika. Thomas Badeslade aliandika mwaka 1725 kuitetea bandari ya Lynn, akataka bahari iachwe ipande. Nathaniel Kinderley akasema wote wanatazama mahali pasipo: kizuizi kiko chini kabisa, mdomoni, ambako mto umepanuka na kutangatanga kwenye mchanga. Ubaneni unyooke, ujichimbe. Nadhani huyu ndiye aliyekaribia ukweli. Lakini Denver ilijengwa upya, chini ya mhandisi Charles Labelye, ikakamilika mwaka 1750. Mfereji wa kuunyoosha mto karibu na Lynn, uitwao Eau Brink, ulipata sheria mwaka 1795 na kufunguliwa mwaka 1821 tu, maili mbili na nusu, ukikata kona kubwa ya mto. Ulikuwa mwembamba mno, ikabidi upanuliwe.

Jambo ambalo Vermuyden hakulipigia hesabu ni udongo mweusi wa mimea iliyooza. Ukikauka husinyaa, huoza, hupeperushwa na upepo. Huko Holme, kijiji cha Fens hizo hizo, ilisimikwa nguzo ya chuma mwaka 1851, kichwa chake sawa na ardhi. Leo kichwa hicho kiko takriban mita 4 juu. Ndiyo maana vinu vya upepo vilihitajika, kisha mashine za mvuke, kisha pampu, kuyainua maji mpaka mtoni. Mashamba yako chini, mto uko juu kati ya matuta yake, na mkulima akitaka kuona chombo kinachopita, anainua macho.

Karibuni maswali.