Liacheni Giza la Amboni

Ndugu mwenyekiti, walimu, waongoza wageni, na ninyi wa mahoteli mliokuja kwa kuwa mmesikia kuna chai: asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie misimu ya Mapango ya Amboni, hapa Tanga, na maboresho kwa wageni. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua nitaanzia wapi. Naam, kwenye taa. Kila kikao cha kuboresha Amboni, wa kwanza kunyoosha mkono anadai taa. Umeme uingie ndani, pango ling'ae, watu wapige picha. Na mimi kila kikao nauliza: ya Ufaransa mmeyasikia?

Septemba 1940, karibu na mji wa Montignac, vijana wanne waliingia kwenye shimo msituni wakakuta kuta zimejaa michoro ya farasi na ng'ombe, ya miaka ipatayo 17,000. Hilo ndilo pango la Lascaux. Mwaka 1948 likafunguliwa kwa umma. Maboresho? Tele! Mlango ukapanuliwa, sakafu ikachimbwa, ngazi zikawekwa, na taa, bila shaka, taa. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini walikuwa wakiingia watu kama 1,200 kwa siku. Hebu wawazeni hao wote wanapumua, wanatoka jasho, na taa zinawaka juu yao. Kuta zikaanza kuota utando wa kijani, uleule unaouona ndani ya tangi la maji lililoachwa wazi juani. Michoro iliyokaa salama gizani miaka 17,000 ikaponea chupuchupu kwa miaka 15 ya maboresho. Aprili 1963 waziri wa utamaduni, André Malraux, akalifunga. Ikabidi wachonge nakala pembeni, ikafunguliwa 1983. Leo mtalii anakata tiketi aoneshwe nakala! Na msidhani kufunga kulimaliza mambo: mwaka 2001 kuvu nyeupe ikaota mlemle.

Sasa angalieni. Mwaka huohuo 1963 ndipo Idara ya Mambo ya Kale ilipokabidhiwa Amboni. Miaka zaidi ya sitini imepita, usimamizi umehamia Mamlaka ya Ngorongoro, na bado kuna mtu anataka tukajaribu kilichowashinda Wafaransa.

Najua mnachotaka kusema. "Mzee, Amboni hakuna michoro, utando utaharibu nini?" Utaharibu jiwe lenyewe. Mwani, ndio huo utando wa kijani, unataka maji na mwanga. Maji, jiwe la chokaa la pango linayo tayari; mwanga ndio huo mnaoupeleka ninyi. Ukishaota, mtu atapewa brashi na dawa asugue stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia darini mwa pango, kitu ambacho kwa kawaida hukua sehemu tu ya milimita kwa mwaka. Anachokikwangua asubuhi moja, babu wa babu yake hakukiona kikianza.

"Mgeni atajikwaa." Mpeni kofia ngumu yenye tochi! Tochi inaondoka na mwenye nayo, taa ya ukutani inabaki. Ugomvi wangu wote ni huo. Tena mkifika ndani kabisa, waambieni wazime wote kwa dakika moja. Mtoto wa mjini hajawahi kukutana na giza ambalo hata kiganja chake mwenyewe hakioni. Nyumbani atasimulia hilo, hatasimulia balbu.

Haya, misimu, kabla mwenyekiti hajanikazia macho. Pango lina kalenda yake, sisi tunalipangia ya Krismasi na likizo za shule. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikipenya kwenye udongo hubeba hewa ya ukaa, ikawa na ukali kidogo, ikayeyusha chokaa, na ikifika darini mwa pango huiacha hapo. Simama pale mvua zikiwa zimekolea uinue tochi: tone limening'inia kwenye ncha ya jiwe, linajaa, linavimba, linaanguka, na jingine limeshaanza. Pango linajijenga mbele ya macho yako! Na huo ndio msimu tunaowaambia wageni wasije, eti tope. Ni kweli kunateleza, na mto Mkulumuzi unajaa. Basi hapo ndipo pa kumwaga fedha: barabara ya Kiomoni, ya kuja pangoni, ipitike, ngazi ziwe na vishikio. Kwa hayo mtaniona mstari wa mbele.

Popo. Kwa kifupi: watazamwe jioni wakitoka, wageni wakiwa kwenye mabenchi, nje, kwa mbali. Mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alikufa kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, baada ya kuingia kwenye pango la popo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Baadaye pakajengwa jukwaa la kuwatazama kwa mbali. Sisemi Amboni kuna Marburg, asije mwandishi wa habari akaniandika hivyo kesho. Nasema mabenchi ni rahisi kuliko karantini.

Wanaokuja kutambika kwenye mzimu wa pangoni na ubani wao wasisumbuliwe kwa tiketi za kitalii, walikuwepo kabla yetu. Na ile hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea Mombasa, isimulieni, ni tamu, ila semeni ni hadithi. Wapimaji wa 1994 walikuta pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja.

Naona saa, mwenyekiti, naona. Nilikuwa na la waongoza wageni na malipo yao, litasubiri. La vyoo halisubiri. Chokaa imejaa nyufa, kinachomwagwa juu kinashuka hadi pangoni na mtoni. Vyoo viwe mbali na mdomo wa pango, upande wa chini, na shimo lake lijengewe lisivuje. Fundi wa hapa hapa Tanga anaiweza kazi hiyo, na aimalize kabla ya Machi.