Sajini Aliyekataa Kurudishwa Kwao

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Jioni hii namzungumzia askari mmoja tu, Georg Gärtner.

Alizaliwa mwaka 1920 mjini Schweidnitz, katika jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa mashariki mwa Ujerumani. Ujana wake ulimkuta chini ya Hitler. Aliingia jeshini, akapelekwa Afrika Kaskazini akiwa sajini. Mwaka 1943, majeshi ya Ujerumani na Italia yaliposhindwa Tunisia, alitekwa akavushwa bahari hadi Marekani, kama mateka wengine wa Kijerumani zaidi ya 370,000.

Kule hawakuteswa. Marekani ilifuata Mkataba wa Geneva wa 1929: mateka walilishwa vizuri, na waliofanya kazi mashambani walilipwa senti 80 kwa siku. Lakini mniruhusu nisimame hapa kidogo. Mwaka 1944 koplo mweusi wa Marekani, Rupert Trimmingham, aliliandikia barua jarida la jeshi, Yank. Alieleza kwamba yeye na wenzake walilazimika kula jikoni katika mkahawa wa stesheni ya reli, huku mateka wa Kijerumani wakiingia ukumbini, wakakaa mezani, wakahudumiwa. Barua ile bado inauma.

Turudi kwa Gärtner. Vita vilipokwisha Ulaya, Silesia ilikuwa mikononi mwa Wasovieti, kisha ikawekwa chini ya Poland. Alichokiogopa sasa ni safari ya kurudishwa. Septemba 1945 alitoroka kambi ya Deming, New Mexico, usiku, akadandia garimoshi la mizigo hadi California.

Akajiita Dennis Whiles. Shirika la FBI lilitawanya picha zake, naye akafanya vibarua, baadaye akafundisha tenisi na mchezo wa kuteleza thelujini. Januari 1952 garimoshi la abiria lilipokwama kwenye theluji ya milima ya Sierra Nevada likiwa na watu zaidi ya 200, yeye alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwasaidia.

Mimi simwiti shujaa. Kwao kulipotea kwa sababu ya vita vilivyoanzishwa na serikali aliyoitumikia. Ila namhurumia, na zaidi namhurumia mkewe. Walioana mwaka 1964, na kwa takriban miaka 20 mama yule hakuambiwa mumewe alizaliwa wapi wala wazazi wake ni akina nani. Aliposema anaondoka, ndipo Gärtner akafungua kinywa.

Mwaka 1985 alijisalimisha mbele ya kamera za televisheni. Wanasheria wakakuna vichwa: hakuweza kushtakiwa kwa kuingia nchini kinyemela, maana Marekani yenyewe ndiyo iliyomleta. Aliruhusiwa kubaki, akapata uraia mwaka 2009, akafariki mwaka 2013.

Karibuni maswali.