Spika Iliyopasuka: Mhadhara juu ya Albamu ya Kwanza ya Hound Dog Taylor

Asanteni kwa utulivu wenu wimbo ulipokuwa ukipigwa. Niliwaona baadhi yenu mkigeuka kutazama mitambo, labda mkidhani waya umelegea au spika za ukumbi huu zimeharibika. Spika ni nzima. Mkwaruzo mliousikia umo ndani ya santuri yenyewe, ulirekodiwa Chicago mwaka 1971, na ndio ulionileta mbele yenu jioni hii. Nataka tujue ulitoka wapi, na kwa nini mtu aliyekuwa na uwezo wa kuuondoa aliuacha.

Mpiga gitaa ni Theodore Roosevelt Taylor, mtu wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi uliotoka Kusini mwa Marekani, mzaliwa wa Mississippi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Hound Dog. Alifika Chicago mwaka 1942, katika wimbi lile kubwa la Wamarekani weusi walioyapa kisogo mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi za Kusini, wakaenda kutafuta kazi kaskazini. Miaka mingi alifanya kazi za kuajiriwa mchana, usiku akapiga gitaa. Kufikia mwaka 1957 hivi akaacha ajira, akawa mtu wa muziki tu. Miaka ya 60 alitoa santuri ndogo chache ambazo hazikumfikisha mbali. Mwaka 1967 alizunguka Ulaya katika msafara mmoja na mwimbaji Koko Taylor na mpiga harmonika Little Walter, kisha akarudi kwenye baa zake zilezile.

Kwa hiyo ninaposema albamu ya kwanza, ondoeni akilini picha ya kijana anayejaribu bahati yake. Huyu alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 50. Alichokileta studio kilikuwa kimeshapikwa kikaiva, kimeshaliwa na watu, kimeshachezewa dansi usiku baada ya usiku.

Wengi wakimtaja huanza na vidole vyake, kwamba alizaliwa na sita kila mkono. Ni kweli. Lakini siri ya mlio wake haiko kwenye kidole cha ziada, nasi tusipoteze muda hapo.

Siri iko kwenye vitu vitatu, na cha kwanza ni bomba fupi la chuma alilovaa kidoleni. Mpiga gitaa wa kawaida hubana uzi hadi ubaoni, na vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa humpimia sauti. Anayetumia bomba habani. Analigusisha tu juu ya nyuzi na kulitelezesha, kwa hiyo hakuna chuma cha kumsahihisha. Akipitiliza kidogo, kila mtu anasikia. Sikio lake ndilo kipimo pekee. Ndiyo maana sauti haipandi ngazi kwa ngazi, bali inavutika kama ya mtu anayeita kwa mbali. Mtindo huu Taylor aliufuata kwa Elmore James, mpiga gitaa mwenzake wa bluzi aliyeondoka duniani mwaka 1963, ila kwa Elmore unasikia kilio kilichonyooka, na kwa Taylor unasikia kilio kilichopitia kwenye bati.

Bati lenyewe ndilo kitu cha pili: gitaa la bei rahisi lililotengenezwa Japani, na amplifaya, yaani kikuza sauti, ya Silvertone, ile iliyouzwa na maduka ya Sears kwa watu wa kipato cha kawaida. Spika zake zilikuwa zimepasuka. Karatasi ya spika ikichanika, kila inapotikiswa kingo za mpasuko hugongana na kuongeza mlio wao juu ya mlio wa uzi. Fungulia amplifaya ndogo hadi mwisho, nayo inazidiwa na kuanza kukoroma. Weka yote mawili pamoja, uzi mmoja unajaza chumba kizima.

Cha tatu ndicho kinachonishangaza hadi leo. Bendi ile, HouseRockers, ilikuwa ya watu watatu, na haikuwa na besi. Ted Harvey alikuwa kwenye ngoma. Brewer Phillips alishika gitaa la pili, la umeme aina ya Telecaster, akitembea kwenye nyuzi nene kiasi cha kuwafanya wasikilizaji waape kwamba wamesikia besi. Na hakukaa hapo tu. Mara anaibuka juu, anachukua solo, na Taylor anashuka kumshikia mwendo. Muziki wa namna hii hauandikwi karatasini. Unatokana na watu waliokaa pamoja miaka, ambao mmoja akiinua bega mwenzake anajua zamu imefika.

Mahali walipokaa pamoja ni Florence's Lounge, baa ya mtaani huko South Side, upande wa kusini wa Chicago, ambako walipiga kila Jumapili mchana. Huko ndiko alikowakuta Bruce Iglauer, kijana mzungu mwenye umri wa miaka ishirini na ushee, aliyekuwa akifanya kazi ya kufungasha na kutuma santuri katika kampuni ya santuri ya Delmark. Akamwomba bosi wake, Bob Koester, awarekodi. Koester hakuwarekodi. Tusimlaumu kupita kiasi, kwa sababu ni yeye huyo aliyetoa albamu ya kwanza ya Junior Wells, mwimbaji na mpiga harmonika wa Chicago, mwaka 1965, Buddy Guy akiwa kwenye gitaa, na akaiacha bendi ile ipige kama ilivyopiga baa. Naona Iglauer aliyachota mengi palepale alipokuwa akifunga maboksi.

Iglauer alikuwa amerithi dola 2,500. Akazitumia kumrekodi Taylor, na kampuni ya Alligator ikazaliwa kwa ajili ya santuri hiyo moja.

Sasa tuupime uamuzi wake kwa macho ya wakati ule. Vijana weusi wa Chicago walikuwa wamehamia kwenye muziki wa soul. Chess, kampuni iliyobeba bluzi ya jiji lile, ilikuwa imeuzwa mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa imemvika Muddy Waters, mfalme wa mtindo huu, mavazi ya roki ya vijana wa siku zile, sauti za magitaa zikipindishwa kwa mitambo ili santuri iuzike. Ushauri wowote wa kibiashara ungesema: mpe mzee huyu amplifaya mpya, mtafutie mpiga besi, ongeza tarumbeta. Kila moja ya nyongeza hizo ingeua kitu ambacho hakikuwepo penginepo.

Iglauer hakuongeza kitu. Aliwapeleka studio usiku mara mbili, wakapiga pamoja kwa sauti ile ya baa, na vyombo vyao vilevile. Watu husema hapo mtayarishaji hakufanya kazi. Mimi nasema alifanya kazi ngumu kuliko zote. Kukaa nyuma ya kioo, kusikia spika ikikwaruza, kujua kwamba hela yako yote imo humo, kisha ukazuia mkono wako usirekebishe: hilo linataka mtu aliyekaa Jumapili nyingi baani mpaka akajua kipi ni ubovu na kipi ni sauti ya mtu.

Nyimbo ni 12. Sitazipitia zote, na si zote zina uzito sawa. Taylor aliimba kwa sauti nyembamba isiyo na mapambo, na kwenye nyimbo za taratibu wembamba huo hujitokeza. Lakini sikilizeni "Give Me Back My Wig". Mwanamume anadai arudishiwe wigi aliyomnunulia mpenzi wake. Mashairi yanachekesha. Gitaa halicheki hata kidogo. Linakimbia kama mtu anayefukuzwa. Maumivu yamehamia mkononi, na mdomo umebaki na mzaha. Wapiga bluzi wengi hujaribu hilo maisha yao yote bila kulipata.

Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Iglauer alizipakia garini akaenda kubisha hodi redio moja baada ya nyingine, na kwa wasambazaji. Zilipokelewa, na Taylor akaanza kuitwa vyuoni na kwenye kumbi ambazo hazikuwahi kumjua. Ilikuwa saa kumi na moja ya maisha yake. Albamu ya pili ikafuata, ya tatu ikarekodiwa jukwaani, na kabla haijatoka, Desemba 17, 1975, saratani ya mapafu ikamchukua.

Fundi, naomba utuwekee wimbo wa mwisho wa upande wa pili, "55th Street Boogie". Hauna maneno. Ni bugi ya kuchezwa, yenye jina la barabara ya South Side. Nawaombeni mara ya kwanza msilifuate gitaa la Taylor. Mfuateni Phillips kule chini, nyuzi nene. Tukimaliza tutaurudia, na hapo ndipo msikilize spika.